Springi nzito, mtutu mwingine au bastola nyingine? Ulinganisho kwa mmiliki wa Dar anayetaka risasi kali zaidi

Mwenye bastola ya 9 mm anayeona risasi yake haina nguvu ya kutosha hupewa ushauri wa aina tatu. Mmoja atamwambia afunge springi nzito ya slaidi (kipande cha juu cha bastola kinachorudi nyuma na mbele kila unapopiga) kisha apige risasi za +P, yaani zenye presha iliyopandishwa juu ya kawaida. Mwingine atamwambia abadilishe mtutu ili fremu (mwili wa bastola) ileile ipige kaliba nyingine, yaani risasi ya ukubwa mwingine. Wa tatu atamwambia aombe kibali cha bastola iliyoundwa kwa risasi kali tangu kiwandani. Iko pia njia ya nne, ambayo haitajwi sana kwa kuwa haimpi mtu kitu kipya cha kushika: kuiacha bastola ilivyo na kuchagua vizuri zaidi ndani ya risasi za presha ya kawaida.

Njia hizi haziko sawa, na hatutajifanya ziko sawa. Ili kuona kwa nini, ni lazima kwanza kujua ni sehemu gani ya bastola inayobeba mzigo risasi inapolipuka.

Kinachobeba mzigo

Baruti ikiwaka ndani ya chemba (sehemu ya nyuma ya mtutu inapokaa risasi), presha ya 9 mm ya kawaida inaruhusiwa kufika psi 35,000 (paundi kwa inchi ya mraba) kwa viwango vya SAAMI, taasisi ya Marekani ya viwanda vya silaha na risasi. Sehemu ya ndani ya kitako cha ganda inayosukumwa na gesi ina eneo la kama milimita za mraba 60. Piga hesabu: slaidi inasukumwa nyuma kwa nguvu inayokaribia tani moja na nusu, kwa muda usiofika elfu moja ya sekunde. Springi ya bastola kama hiyo ina nguvu ya paundi 13 hadi 18, yaani kilo 6 hadi 8, na hiyo ni pale inapokuwa imebanwa hadi mwisho. Slaidi ikiwa bado mbele, springi inasukuma kwa nguvu ndogo zaidi ya hapo.

Tani moja na nusu dhidi ya kilo 8. Aliyeelewa uwiano huo ameelewa karibu kila kitu kuhusu mada hii. Springi haizuii mlipuko. Mlipuko unazuiwa na vitu viwili: ukuta wa chemba unaolishika ganda lisipasuke, na meno yanayoufunga mtutu kwenye slaidi ili virudi nyuma pamoja kwa milimita chache za mwanzo, mpaka kichwa cha risasi kitoke na presha ishuke. Uzito wa slaidi nao unasaidia, kwa kuwa kitu kizito huchelewa kuanza kutembea. Kazi ya springi inakuja baadaye: kumalizia kuipunguza mwendo slaidi, kuirudisha mbele, na kusukuma risasi inayofuata itoke kwenye magazini iingie chemba.

Hii ndiyo sababu bastola zisizojifunga, yaani zisizo na meno hayo, kama Makarov PM na Walther PPK, hazimo kabisa katika ulinganisho huu. Kwao kinachochelewesha kufunguka ni uzito wa slaidi na springi tu. Risasi ya Makarov, 9x18, si ndugu wa 9x19, ambayo ndiyo 9 mm tunayoizungumzia: kichwa chake kina kipenyo cha karibu milimita 9.27, na cha 9x19 ni karibu 9.02. Hakuna springi ya kuigeuza Makarov kuwa bastola ya 9x19, na anayesema anaweza kuifanya hiyo kazi usimwachie silaha yako.

Tarakimu za kulinganisha

Kasi na nishati hapa ni za risasi za kiwandani zinazopatikana kwa wingi, kwenye mitutu ya inchi 4 hadi 5. Mtutu mfupi utapunguza.

| Risasi | Presha ya juu (psi) | Kichwa na kasi | Nishati |
|---|---|---|---|
| 9 mm ya kawaida | 35,000 | gramu 8.0, mita 350 kwa sekunde | joule 490 hivi |
| 9 mm +P | 38,500 | gramu 8.0, mita 372 | joule 555 hivi |
| .45 ACP | 21,000 | gramu 14.9, mita 259 | joule 500 hivi |
| .40 S&W | 35,000 | gramu 11.7, mita 302 | joule 530 hivi |
| .357 SIG | 40,000 | gramu 8.1, mita 411 | joule 685 hivi |
| 10 mm Auto | 37,500 | gramu 11.7, mita 381 | joule 845 hivi |

Angalia mstari wa .45 ACP. Kichwa ni kizito karibu mara mbili ya cha 9 mm, lakini presha ni ndogo kuliko zote. Kwa hiyo ukubwa wa tundu la mtutu hauonyeshi ni mzigo gani chemba inabeba. Angalia pia tofauti kati ya 9 mm ya kawaida na +P: presha imepanda asilimia 10, kasi asilimia 6 hivi, nishati asilimia 13. Hiyo ndiyo faida yote anayoipata mwenye kuchagua njia ya kwanza.

Kuna pia maboksi yenye maandishi +P+. SAAMI haina kiwango cha presha kwa alama hiyo. Kila kiwanda kinaamua chake, kwa hiyo huwezi kujua bastola yako inabebeshwa nini. Tunashauri usizinunue, hata kama muuzaji anazisifia.

Njia ya kwanza: springi nzito na +P

Ndiyo rahisi kuliko zote, ndiyo maana inapendwa. Kipuri ni kimoja, kinabadilishwa wakati wa kufungua bastola kwa usafi. Kwa bastola ya aina ya 1911 ya .45 yenye mtutu wa inchi 5, springi ya kawaida ni ya paundi 16, na wanaopiga +P huweka ya 18.5. Browning Hi-Power hutumia ya 17, Beretta 92 ya 13.

Faida yake ni ya kweli, ila ina mpaka. Slaidi inafika nyuma kwa kasi ndogo kidogo, kwa hiyo fremu haigongwi sana. Wala haiondoi hata chembe ya presha ndani ya chemba. Kama chemba yako ina sehemu ya chini isiyolishika ganda, pale kwenye mteremko wa kuingizia risasi, ganda litaendelea kuvimba palepale hata ukifunga springi ya paundi 22.

Springi nzito nayo ina gharama zake, na hapa ndipo wengi hukwama bila kujua kwa nini.

Nguvu iliyohifadhiwa wakati wa kurudi nyuma inatumika wakati wa kwenda mbele. Slaidi inaporudi mbele kwa kishindo, inagonga meno ya mtutu na pini ya kizuizi cha slaidi. Umeuondoa mgongano nyuma ya fremu ukauhamishia mbele. Pia slaidi inapita juu ya magazini haraka kuliko springi ya magazini inavyoweza kuinua risasi. Matokeo: slaidi inafunga juu ya chemba tupu, au inaigonga risasi katikati na kuikwamisha ikiwa imesimama wima. Ndiyo maana fundi makini akibadilisha springi ya slaidi hubadilisha na za magazini siku hiyohiyo.

Tatizo lingine linatokea mtu anaporudi kwenye risasi za kawaida kwa mazoezi, na karibu kila mtu atarudi kwa sababu +P ni ghali. Springi iliyochaguliwa kwa risasi kali inaizuia slaidi isifike mwisho. Ganda halitoki vizuri, linabanwa kwenye dirisha la kutolea maganda likiwa limesimama kama bomba la moshi. Mwenye kiganja kilicholegea ataliona tatizo hili mapema zaidi, kwa sababu fremu inayorudi pamoja na mkono inainyima slaidi nguvu iliyobaki.

Na kuna kosa la kiufundi linalovunja vitu: springi yenye waya mnene au mizunguko mingi kupita kiasi inajaa kabla slaidi haijafika mwisho. Mizunguko ikigusana, springi inakuwa kama kipande cha bomba, na mgongano wote unaishia kwenye kijiti chake cha kuiongoza. Kijiti cha plastiki hupasuka. Kwa hiyo nunua springi iliyotengenezwa kwa modeli hiyohiyo na urefu huohuo wa mtutu, usibahatishe kwa kuangalia unene wa waya. Mafundi wa mtaa wa Gerezani wana mikono hodari na wanaweza kukuzungushia springi ya karibu kila mashine, lakini springi ya bastola inahitaji waya wa daraja maalumu, urefu sahihi na nguvu iliyopimwa, na kuipeleka silaha kwa asiye na leseni ya kazi hiyo ni kosa kwako na kwake.

Kabla ya hayo yote, soma kitabu cha maelekezo cha bastola. Viwanda vingi vya bastola za kisasa za 9 mm vinaruhusu +P na kuonya kwamba vipuri vitachakaa mapema. Vingine vinakataza. Luger P08, Walther P38 na Hi-Power za zamani zisilishwe +P. Chuma na meno yake ni vya enzi nyingine. Kwa bastola ya kisasa inayoruhusu, mara nyingi springi ya kiwandani iliyo nzima inatosha. Hitaji halisi ni kuibadilisha kwa wakati: kwa bastola nyingi za 9 mm ni kila baada ya risasi 3,000 hadi 5,000, na mapema zaidi ukipiga +P mfululizo. Springi iliyochoka ikilishwa risasi kali ndiyo inayopasua fremu, na wenye bastola hulaumu risasi peke yake.

Njia ya pili: kubadilisha mtutu

Hapa kuna mambo mawili yasiyofanana, na watu huyachanganya.

La kwanza ni .40 S&W kwenda .357 SIG. Risasi ya .40 ilitoka 1990, na mwaka 1994 SIG Sauer na Federal walitoa .357 SIG, yenye ganda la ukubwa wa .40 lililobanwa shingo kubeba kichwa cha 9 mm. Kwa kuwa kitako cha ganda ni kilekile, uso wa slaidi na kichomoa ganda vinabaki, na magazini hiyohiyo hufanya kazi. Katika bastola nyingi kinachobadilika ni mtutu tu. Kitaalamu ni mabadiliko safi kuliko yote yaliyo kwenye ukurasa huu, kwa sababu fremu na slaidi za .40 zilishaundwa kubeba teke zito. Bado presha inapanda kutoka 35,000 hadi 40,000, kwa hiyo mtutu uwe wa kiwanda cha bastola yenyewe au wa mtengenezaji anayepima mitutu yake kwa risasi za majaribio. Mlio na mwako wake gizani ni mkali mno. Ndani ya chumba cha tofali utapoteza uwezo wa kusikia kwa muda, na wa kuona pia.

La pili ni kuipandisha .45 ACP. Kuna .45 Super na kuna .460 Rowland. Ganda la .45 Super kwa nje lina vipimo vya .45 ACP, maana yake linaingia bila kikwazo kwenye bastola yoyote ya .45, pamoja na ile ya babu iliyolala kabatini. Hilo peke yake linatosha kutufanya tusiipendekeze kwa nyumba yenye bastola zaidi ya moja. Waliobuni .460 Rowland walilifikiria hilo, wakarefusha ganda kwa karibu milimita 1.5 ili lisiweze kufunga kwenye chemba ya .45 ya kawaida. Lakini Rowland inahitaji mtutu mpya unaolishika ganda lote, springi nzito, na kifaa cha mdomoni mwa mtutu kinachopuliza gesi pembeni ili slaidi ichelewe. Ukikitoa kifaa hicho, slaidi inakimbia kupita uwezo wa fremu. Kwa hiyo bastola inakuwa ndefu, haiingii kwenye ala yake ya zamani, na usalama wake unategemea kipande kilichofungwa kwa nyuzi za skrubu.

Upande wa sheria, usichukulie mtutu kama kipuri cha Bajaji. Leseni inatolewa kwa silaha mahususi, na kaliba ni sehemu ya utambulisho wake. Chini ya sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015, nenda polisi kwanza, uulize kwa maandishi kama mabadiliko hayo yanaruhusiwa na nani mwenye leseni ya kuyafanya, kabla hujaagiza chochote. Bastola iliyosajiliwa kwa kaliba moja ikikamatwa na mtutu wa kaliba nyingine, maelezo mazuri ya kiufundi hayatakusaidia kituoni. Ukijumlisha mtutu, magazini, springi, kazi ya fundi na ufuatiliaji, mara nyingi umeikaribia bei ya bastola nyingine.

Njia ya tatu: bastola iliyoundwa kwa risasi hiyo

Tofauti ya bastola ya 10 mm na ya 9 mm haiko kwenye tundu tu. Slaidi ni nzito zaidi, fremu ina chuma zaidi pale inapogongwa, meno ni mapana, chemba inalishika ganda kikamilifu, na springi imepimwa kwa pamoja na vyote hivyo. Hivyo vitu huwezi kuviongeza baadaye kwenye bastola ndogo.

Hata viwanda vikubwa vilijifunza hili kwa gharama. Colt ilipoingiza 10 mm kwenye umbo la 1911 mwaka 1987, bastola iliyoitwa Delta Elite, baadhi ya fremu zilipata ufa kwenye reli juu ya tundu la kizuizi cha slaidi. Baadaye Colt ilikiondoa kabisa kile kipande chembamba cha reli, ili pasibaki mahali pa ufa kuanzia. Jeshi la Marekani nalo, mwishoni mwa miaka ya 1980, liliona slaidi chache za Beretta M9 zikikatika, na kipande cha nyuma kuruka kuelekea usoni kwa mpigaji. Beretta iliongeza kichwa kipana kwenye pini ya nyundo ili slaidi ikikatika isitoke. Kama waliochora bastola wenyewe walikutana na haya, mwenye karakana ya kawaida hana njia ya kuyatabiri.

Hasara za njia hii ni ombi jipya la kibali, bei, na upatikanaji wa risasi. Hili la mwisho ndilo kubwa hapa Dar. Ulizia maduka yenye leseni kwanza: risasi za kaliba hiyo zipo sasa, na zilikuwepo miezi sita iliyopita? Bastola ya 10 mm yenye boksi moja la risasi ina thamani ndogo kuliko ya 9 mm yenye risasi za kutosha mazoezi. Kumbuka pia kwamba maboksi mengi ya 10 mm yamejazwa nguvu inayokaribia ya .40. Soma kasi iliyoandikwa ubavuni mwa boksi. Kichwa cha gramu 11.7 kinachotoka kwa mita 315 kinakupa joule 580 hivi, na hapo umenunua bastola nzito kwa faida ndogo.

Wenye mashamba ya Rufiji wanaoulizia bastola kali kwa ajili ya kiboko: hakuna bastola katika jedwali hapo juu inayofaa. Wawindaji wa nyati hubeba bunduki za .375 H&H, zenye nishati zaidi ya joule 5,000. Kiboko ni kazi ya askari wa wanyamapori.

Njia ya nne: bastola ileile, risasi bora

Kwa bastola ya 9 mm ya kisasa, tofauti kati ya risasi ya kichwa kigumu cha mazoezi na ile ya kichwa kilichotobolewa ncha, zote za presha ya kawaida, ni kubwa kuliko tofauti ya kawaida na +P. Kichwa kigumu hupenya na kuendelea. Kile cha ncha wazi hufunguka na kuacha nguvu yake mapema.

Na hapa jiji lenyewe linaingia kwenye hesabu. Manzese, Tandale, Buguruni, nyumba zinagusana; ukuta wa bati au mabanzi hauzuii risasi yoyote ya bastola, na tofali jembamba la mchanga na saruji lisilo na uwiano mzuri si la kutegemea. Ukiongeza kasi ya kichwa kigumu, unachoongeza kwanza ni umbali kitakaofika baada ya kupita ulipolenga. Hata Mbezi Beach yenye kuta za uzio, kuna mlinzi getini na mtoto wa jirani upande wa pili. Kwa anayeishi mjini tunaichagua njia hii bila kusita, tena pesa iliyobaki iende kwenye mazoezi ya uwanja wa shabaha.

Joto na chumvi

Risasi hupimwa presha katika joto la nyuzi 21 hivi. Dashibodi ya gari lililofungwa juani Posta saa saba mchana inaweza kupita nyuzi 60. Baruti yenye joto huwaka kwa presha kubwa zaidi, kwa hiyo boksi la +P lililoachwa kwenye dashibodi linaweza kuwa juu ya alama yake, kwenye bastola ambayo tayari iko ukingoni. Risasi zikae mahali pakavu, penye kivuli na kufuli.

Hewa ya Kigamboni na Masaki ina chumvi. Springi ikipata kutu, hata vidoa vidogo, hapo ndipo waya unapoanzia kukatika. Ifute na mafuta mepesi kila baada ya wiki mbili hata kama hujapiga. Usiijaze grisi: grisi hukamata mchanga na kuipunguza slaidi mwendo, kisha mtu anadhani springi ni nzito mno.

Nani achague nini

Bastola ya kisasa ambayo kiwanda chake kinaruhusu +P, na mwenyewe anapiga mara chache: springi mpya ya kiwandani, +P kwa akiba tu, mazoezi kwa risasi za kawaida. Mwenye .40 anayetaka kasi, na amepata ruhusa ya maandishi: mtutu wa .357 SIG. Anayehitaji kweli joule zaidi ya 800: bastola ya 10 mm kamili. Mwenye bastola ya zamani, isiyojifunga, au isiyo na kitabu cha maelekezo: abaki kwenye risasi ya kaliba iliyochongwa kwenye mtutu wa bastola yake.

Ukishachagua, risasi 200 za kwanza zipigwe uwanjani ukiwa na miwani na vizibo vya masikio, na kila baada ya 50 usimame. Toa magazini, vuta slaidi, angalia chemba kwa macho kisha kwa kidole. Elekeza mdomo wa mtutu juu upande salama, vuta slaidi nyuma uiachie taratibu kwa mkono: ikishindwa kujifunga yenyewe hadi mwisho, springi ni dhaifu au kuna uchafu. Okota maganda. Fataki (kile kiduara cha kuwashia baruti katikati ya kitako cha ganda) iliyobapaa mpaka kingo zake zimeisha, au uvimbe wenye umbo la tabasamu karibu na kitako, ni ishara ya kuacha risasi hizo siku hiyohiyo. Angalia yanakoangukia: mita 1.5 hadi 2.5 ni kawaida kwa bastola nyingi. Yakiruka mita 5, slaidi inakimbia mno. Mwisho fungua bastola, upitishe ukucha kwenye meno ya mtutu, kwenye tundu la kizuizi cha slaidi na kwenye reli za fremu. Ukucha ukikwama kwenye mstari ambao haukuwepo asubuhi, bastola irudi kwa fundi mwenye leseni ikiwa tupu, na isipigwe tena mpaka aseme.